Tulimleta Nani Nyumbani? Mwogesha Ng'ombe na Wanawake wa Josho la Zamani

Saa moja asubuhi, Alhamisi. Ukungu bado umelala bondeni Mahlungulwini na Khonzaphi Dladla tayari amelowa hadi magotini. Amevaa buti za mpira na aproni ya plastiki, mkononi ana fimbo ndefu. Mbele yake ng'ombe wanaingia mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya mawe, wanasita ukingoni, kisha wanajitupa joshoni kwa kishindo.

Maji yenye dawa ya kupe yanaruka juu. Ng'ombe akibakiza kichwa nje, Khonzaphi anakisukuma chini kwa fimbo, mara moja, na mnyama anaibukia upande wa pili akipiga chafya.

"MaDladla, taratibu bwana! Huyo ni fahali, si nguo chafu," anafoka mzee mmoja mwenye koti la jeshi.

"Angekuwa nguo ningemfua na wewe ukiwa ndani," anajibu bila kugeuka. "Unanuka kupe kumzidi."

Wanaume waliokaa ukutani wanaangua kicheko. Hapa kila mtu anamwita MaDladla, kwa jina la ukoo wake, na utani wa namna hii ndio chumvi ya siku ya josho. Lakini ukimtazama vizuri utaona hacheki. Kila ng'ombe akishapita anainua macho kutazama mlima ulio juu ya bonde, kwenye boma lenye paa la bluu.

Ni boma la Mzee Ndodembi Sithebe. Ng'ombe wake hawajaletwa joshoni tangu majira ya baridi, tangu siku josho la zamani lilipofukuliwa.

"Asipokuja leo, basi tena," Khonzaphi anasema kwa sauti ya chini. "Shangazi yangu hana Alhamisi nyingi zilizobaki."

Ana miaka hamsini na miwili. Ni mjane aliyerudi nyumbani kwa baba yake na ndiye mwanamke pekee mwenye kazi hii katika wilaya nzima. Serikali inamlipa randi elfu sita na kidogo kwa mwezi, na kwa hizo anamtunza shangazi yake, Qondeni Dladla, mwenye miaka sabini na minne na kifua kisichopata hewa ya kutosha. Qondeni hakuolewa. Alibaki kumlea mdogo wake wa kiume, ambaye baadaye alikuja kuwa baba yake Khonzaphi.

Alibaki kwa sababu mama yao aliwatoroka. Ndivyo walivyoambiwa.

Mama huyo aliitwa MaMthalane. Mwaka 1959, enzi za makaburu, wanawake wa bonde hili walilazimishwa kujaza maji kwenye josho kwa ndoo vichwani, bila ujira, waume zao wakiwa migodini Johannesburg. Asiyejaza alipigwa faini. Asubuhi moja wakakataa. Walivunja kingo za josho kwa majembe yao, kisha wakapanda mlimani kumsubiri hakimu wa kizungu waongee naye. Waliofika walikuwa polisi.

Siku ile Qondeni alikuwa na miaka tisa, yuko nyumbani na mdogo wake wa miaka saba.

"Nilisikia milio," anasimulia, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Ilitoka juu mlimani. Nikadhani wanapasua mawe ya barabara. Nikaendelea kupika uji."

Jioni mama hakurudi. Kesho yake msaidizi wa chifu alipita nyumba hadi nyumba akiwa na askari wawili. Aliwaambia watoto kwamba mama zao wamekimbilia Durban kuuza pombe na kutafuta wanaume, na kwamba nyumba itakayotaja majina yao itachomwa moto. Waume waliporudi kutoka migodini kwa Krismasi walikuta habari imeshapikwa na kuiva. Wengine walilia, wengine walioa upya.

"Nilimtukana mama yangu," anasema Qondeni. "Kila nilipokosa sabuni, kila nilipolala njaa. Nilimwita malaya mbele ya watu. Miaka yote hiyo."

Josho lililovunjwa lilifukiwa na jipya likajengwa juu kidogo ya lile. Watu waliambiwa kwamba dawa ya zamani iliua ng'ombe wengi na wamezikwa mle, basi pasiguswe. Sisi tunaoishi nyanda hizi tuliyaamini, kwa sababu ng'ombe wenyewe walikuwa kama wanathibitisha. Kundi likipita pale husimama, hunusa, huparua udongo kwa kwato na kulia ule mlio wa kukokota unaokusimamisha nywele. Ng'ombe hulia hivyo mahali palipomwagika damu, hilo hata mtoto anajua. Kila mtu alisema wanawalilia ng'ombe wenzao.

Mwaka huu, kabla ya baridi kuisha, josho jipya likapata ufa na dawa ikaanza kuvujia mtoni. Afisa mifugo akaagiza lile la zamani lifukuliwe litumike kwa muda. Khonzaphi akapewa vibarua wanne na makoleo.

"Siku ya kwanza tulitoa mawe na udongo tu," anasema. "Siku ya pili kibarua mmoja akasema, dada, kuna waya humu. Nikamwambia ng'oa. Akavuta, haukutoka. Nikaingia mwenyewe."

Ilikuwa bangili ya nyaya za shaba, ile ambayo wanawake wa zamani walijivika mkononi. Ilikuwa bado imezunguka mfupa wa mkono.

"Nilikaa chini humo humo shimoni. Vibarua wakakimbia wakaniacha. Nikawa nawaita, 'Jamani, nitoeni!' Walikuwa wameshafika barabarani."

Zikaja shanga, nyekundu na nyeupe, kwa maelfu, uzi wake ukiwa umeoza. Wakaja wataalamu wa serikali na mahema yao. Walitoa mifupa ya wanawake kumi na mmoja, idadi ile ile ya waliodaiwa kukimbilia Durban, wakaipeleka Pretoria kupimwa, na wakasema kitu kimoja ambacho Khonzaphi alikisikia vizuri kuliko vingine vyote: wanawake hawa hawakufia humu. Walitupwa humu baadaye.

Hapo ndipo hofu ilipoingia kwa Dladla, na haijatoka hadi leo.

Mtu wa huku akifia mbali hachukuliwi mwili peke yake. Ndugu huenda mahali hasa alipoanguka, na tawi la mkunazi mwitu wenye miiba, humwita kwa jina lake, humwambia twende nyumbani, na roho hushika tawi. Aliyebeba tawi haongei na mtu mwingine njiani. Akipanda gari hulilipia tawi kiti chake. Nyumbani hupelekwa nyuma kabisa ya nyumba ya msonge, mahali pa wazee, huchinjiwa mbuzi, na kuanzia hapo marehemu ni wa nyumbani: anatengewa nyama na pombe, anaambiwa habari za harusi na magonjwa.

Na akina Dladla walishamleta MaMthalane. Walimleta mwaka 1978.

Mambo hayakuwa yakienda vizuri nyumbani, mifugo inakufa, ndipo baba yake Khonzaphi akaenda kwa mganga. Mganga akasema mama yao ameshakufa na alifia penye maji na kelele. Familia ikajadiliana: maji na kelele ni wapi kama si Durban, kule kwenye vibanda vya wanawake wapika pombe, penye bahari na fujo? Baba akakata tawi, akapanda treni, akaenda kusimama kwenye kichochoro fulani alichoonyeshwa na wenyeji, akamwita mama yake. Akarudi naye kwa tiketi mbili.

"Nilikuwa mdogo sana, lakini siku ile naikumbuka," anasema Khonzaphi. "Nilimkimbilia baba, shangazi akanikamata shingoni. Akaniambia usimsemeshe, amembeba bibi yako."

Anafuta mikono kwenye aproni, ingawa mikono ni mikavu.

"Sasa bibi yangu alikuwa hapa hapa bondeni, ndani ya josho. Basi niambie wewe unayeandika: tulimleta nani nyumbani?"



Qondeni ameacha kulala kwenye nyumba ya msonge. Amehamishia godoro jikoni, karibu na jiko la kuni, na mlango wa nyumba ile haufungui akiwa peke yake hata mchana wa jua kali. Miaka arobaini na zaidi amekuwa akitenga nyama pale nyuma, akipiga magoti, akisema "mama". Mbuzi wameliwa. Watoto wametambulishwa.

"Ukimnyima chakula atakasirika," anasema. "Ukimpa, unampa nani? Ni mwanamke wa watu, pengine ana wanawe huko wanamtafuta. Au si mwanamke. Nikisikia paa linalia kwa joto, mimi moyo unatoka."

Anamgeukia mpwa wake. "Na wewe ndiye uliyechimba."

"Niliagizwa, Shangazi."

"Uliagizwa kuchimba. Hukuagizwa kuniletea wageni."

"Mgeni yupo tangu sijaota meno makubwa, Shangazi, nimemleta mimi?"

Bibi kizee anacheka, anakohoa, kicheko kinakatika. Anachokitaka kinajulikana na kila mtu katika boma lile. Anataka kumleta mama yake halisi kabla kifua hakijamshinda. Mifupa ya Pretoria itarudi itakaporudi; roho haisubiri maabara. Lakini ili kumwita ni lazima usimame pale alipoangukia, na mlima ni mkubwa. Safari hii hataki kukisia. Walishakisia mara moja.

Aliyekuwepo siku ile na bado yu hai ni mmoja tu. Ni Mzee Sithebe, mwenye miaka themanini na sita, ambaye wenzake hadi leo humwita Konstebo. Alikuwa askari kijana wakati ule. Alipostaafu alipewa achague kiwanja popote, na watu walimshangaa alipoacha ardhi nzuri ya mtoni akaenda kujenga juu mlimani kwenye upepo.

Khonzaphi alipanda kumwona mara moja, baada ya wataalamu kuondoka. Hakuvuka lango. Mtoto wa mzee, Vikizitha, mwenye baa na gari la mizigo, alimzuia. Siku chache baadaye Vikizitha akamfuata joshoni, akashusha kioo cha gari.

"Mama, habari za mashimo?"

"Nzuri, mwanangu."

"Nasikia mnalala wawili tu pale. Na ule mlango wenu wenyewe ni wa bati." Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. "Mimi nawaombea tu."

"Nikamwambia asante," Khonzaphi anasimulia. "Ungemwambia nini?"

Wiki iliyofuata aliinua kifuniko cha pipa la maji la nyumbani na harufu ikampiga usoni. Anaijua harufu ile, inamfuata hadi kanisani. Ilikuwa dawa ya kupe. Shangazi alikuwa ameshashika kikombe, anasubiri kuchotewa.

Alimwaga maji yote, akalipindua pipa, akalipiga moto kwa nyasi kavu. Polisi wa siku hizi walikuja, wakanusa, wakauliza ufunguo wa stoo ya dawa anao nani. Anao yeye. Wakamtazama kwa muda mrefu, kisha wakaenda zao. Vikizitha, alipoulizwa na mwandishi, alisema kila mwenye ng'ombe ana kichupa cha dawa nyumbani na kwamba kuna watu wengi hawapendi makaburi kufukuliwa.

"Baba yangu hakuua mtu," aliongeza. "Mkianza na haya, vijana watakuja kuchoma nyumba yetu. Nyie mtakuwa mmeshaandika gazeti lenu, mmelala."

Hakuwa anadanganya kuhusu vijana. Katika nchi hii tumeona watu wakichomewa nyumba kwa makosa madogo kuliko haya. Mwandishi alipoomba kumsalimu mzee aliambiwa amelala, ilhali mzee alikuwa amekaa kwenye benchi juani, hatua chache tu kutoka langoni, macho wazi, anatazama zizi lake la ng'ombe. Hakugeuza shingo hata mara moja.

Tangu hapo Khonzaphi anachota maji mtoni kila siku na kuyaonja mwenyewe kwanza. Usingizi wake umekuwa wa kushtuka shtuka. Kazi hawezi kuiacha, kwa hiyo kila Alhamisi anamfungia shangazi jikoni kwa kufuli na kuushona ufunguo ndani ya sidiria yake. Anasema akisikia gari nyuma yake, anatoka barabarani na kujificha hadi lipite.

"Watu wanasema nina roho ngumu. Roho ngumu gani? Mimi naogopa hadi kuku."

Saa nne inafika. Ukungu umeshaisha na kundi la mwisho limeshapita. Wanaume wanashuka ukutani, wanajipangusa vumbi, na mwenye koti la jeshi anaanza kuaga. Kisha anageuka kutazama mlimani.

Ng'ombe wanashuka kutoka mlimani. Wanaonekana kuwa kundi kubwa, wekundu kwa weupe, na nyuma yao hakuna kijana wala gari. Kuna mzee mmoja mrefu aliyevaa koti jeusi la kanisani, anatembea kwa fimbo mbili.

Hakuna anayemsaidia. Khonzaphi amesimama ukingoni, ameikumbatia fimbo yake kifuani, na midomo yake inacheza bila sauti. Kundi linapofika usawa wa shimo la zamani linasimama. Dume linaloongoza linashusha pua, linaparua udongo, linalia. Wengine wanaitikia. Mzee anasimama katikati ya mlio ule, anasubiri hadi uishe, na hilo linachukua muda.

"Sanibona," anawasalimu.

Wanaume wanaitikia kwa kuguna. Mmoja anatema mate.

"MaDladla, waogeshe ng'ombe wangu. Wana kupe."

"Ndiyo, Mkhulu," anajibu Khonzaphi. Hilo ni neno la heshima kwa babu, na limemtoka bila kufikiri.

Anawaogesha wote. Mzee amekaa kwenye jiwe na hakuna aliyeondoka. Ng'ombe wa mwisho anapotoka majini, Sithebe anaanza kuongea, na anaongea akitazama fimbo zake.

"Sisi weusi hatukupewa bunduki. Tulipewa rungu. Wazungu walipiga, halafu sisi tukapewa kubeba." Anaigusa ardhi kwa fimbo. "Walikuwa wamekaa chini. Wamenyoosha miguu, kama mama zetu wanavyokaa. Walikuwa wanaimba. Mtu aliyekaa hawezi kukimbia mara moja, lazima anyanyuke kwanza."

"Na bibi yangu?"

"Nilimbeba mimi. Nilimjua. Nilipokuwa nachunga alikuwa akinipa maziwa lala mlangoni kwake." Anapandisha mkono wa koti. "Nilipomweka kwenye gari bangili ilinikwaruza hapa." Anaonyesha kifundo cha mkono, ambako hakuna alama yoyote.

"Alianguka wapi, Mkhulu?"

Mzee anainua fimbo moja kuelekea mlimani, kwenye paa la bluu. Kisha anaisogeza kidogo kushoto.

"Ndani ya zizi langu. Wote. Niliomba kiwanja kile nikajenga zizi juu yake, asije mtu akapalima."

"Ulikuwa unawaficha au unawalinda?" anauliza mwenye koti la jeshi, kwa ukali.

"Vyote," anasema Sithebe.

Hakuna anayesogea. Mwandishi alidhani mtu atampiga. Pengine na mzee alidhani hivyo, maana alikuwa amefumba macho. Mwanamke wa ukoo mwingine haingii zizi la watu likiwa na ng'ombe, na tawi la marehemu wa kike halijawahi kuingizwa zizini kwa mtu asiye wake. Kila aliyekuwepo alijua hivyo, na kila mmoja alimtazama Khonzaphi.

"Sasa tutaingiaje?" anauliza.

Mzee ananyanyuka kwa shida. Anajipapasa, anakusanya fimbo zake, kisha anageuka kuelekea mlimani na kuanza kutembea peke yake, akiwaacha ng'ombe pale pale.

"Mkhulu! Na ng'ombe?"

"Zizi la baba yako si liko tupu? Walale kwenu," anasema bila kusimama. "Nimeshatoa magogo ya langoni. Jumamosi mkija mtakuta zizi langu halina kitu."

Jioni ile ng'ombe wa Konstebo wanaingizwa zizini kwa Dladla, ambako hapajalala mnyama tangu baba yake Khonzaphi afariki. Vikizitha hajaonekana. Kufuli la jikoni limebaki mlangoni kama kawaida, na Khonzaphi anasema halitoki hadi Jumamosi ipite, pengine hata baada ya hapo.

Qondeni amesimuliwa yote, mara mbili. Tawi limeshachaguliwa. Atalibeba mwenyewe, hataki kusikia habari ya kifua. Na yule mgeni wa Durban? Amelifikiria hilo mchana kutwa, na leo kwa mara ya kwanza tangu josho lifukuliwe amefungua mlango wa nyumba ya msonge na kutenga nyama nyuma.

"Abaki," anasema. "Amekula mbuzi wetu miaka yote hii, tutamfukuzia wapi? Nimemwambia kuna mwenzake anakuja, wapeane nafasi."

Anasema anaogopa Jumamosi kuliko alivyoogopa sumu. Anaulizwa atasema nini kwanza akisimama pale zizini: atamwomba msamaha kwa yale matusi?

"Hayo baadaye," anasema. "Nitaanza kwa kumwambia jina langu. Aliniacha nina miaka tisa. Atanijuaje?"